Miezi mitano na sampla ya Ackworth: tathmini ya kifurushi cha kudarizi

Mwishoni mwa Oktoba nilinunua kifurushi cha kudarizi ambacho bahasha yake ilikuwa na maneno haya tu: sampla ya mtindo wa Ackworth, mwanzo wa karne ya 19. Nimekimaliza wiki iliyopita, baada ya miezi mitano ya jioni za baridi, na kwa kuwa sijaona aliyeandika kwa Kiswahili juu ya bidhaa za namna hii, nimeona niandike mimi, tena kwa urefu, maana ni bidhaa inayomtaka mnunuzi atoe pauni 46 siku ya kwanza na jioni nyingi za maisha yake baada ya hapo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande cha kitani chenye rangi ya tui zito, vitita tisa vya uzi wa pamba, sindano mbili butu, chati ya kurasa nne na kijitabu cha kurasa nane kinachosimulia historia. Duka lenyewe ni dogo, la mtandaoni, la hapa hapa Uingereza. Sitalitaja jina, kwa sababu nina manung'uniko nalo, na kwa sababu maduka kadhaa yanauza vifurushi vinavyofanana sana na hiki. Michoro yenyewe ina karibu miaka mia mbili na haina mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na kitu hiki, sampla na sampuli ni ndugu wa tumbo moja, kwani maneno yote mawili yanarudi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mfano. Zamani, kabla vitabu vya michoro havijaenea, mshonaji wa Ulaya alikuwa na kitambaa kirefu alichokikunja na kukihifadhi, na kila alipoona mshono mpya au ua zuri kwa mwenzake alilinakili humo lisije likampotea. Sampla ya Kiingereza yenye tarehe iliyo ya zamani kuliko zote zinazojulikana ni ya Jane Bostocke, ya mwaka 1598, na imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kufikia mwaka 1800 kitambaa hicho kilikuwa kimeshatoka mikononi mwa watu wazima na kuwa zoezi la shule. Mtoto wa kike wa miaka minane au kumi alidarizi alfabeti, tarakimu, aya ya dini, pengine na nyumba yenye miti miwili na ndege juu yake, kisha akatia jina lake, umri wake na mwaka. Ukisimama mbele ya kitambaa kama hicho, jambo la kwanza unalotambua ni kwamba mwenye kukifanya alikuwa na vidole vidogo.

Shule ya Ackworth iko kijijini karibu na Pontefract, si mbali na Leeds ninakoishi. Ilifunguliwa mwaka 1779 na Waquaker, dhehebu la Kikristo, kwa juhudi za daktari John Fothergill, katika majengo ambayo kabla ya hapo yalikuwa tawi la hospitali ya London ya kulelea watoto waliotupwa. Wasomaji wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kuelezwa watu hao ni nani, kwa sababu ndio Marafiki, ambao wenzao wa Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Shule ilichukua wavulana na wasichana, na wasichana walishona sana.

Marafiki wa wakati ule hawakupenda makuu katika mavazi wala katika nyumba, na sampla za Ackworth zinaonyesha hivyo. Kwa kawaida hutaona Adamu na Hawa chini ya mti, wala nyumba ya matofali mekundu ambayo ndiyo inayowavutia wanunuzi wa vitu vya kale. Utaona medali, yaani maumbo ya pembe nane yaliyojengwa kwa vistari vya misalaba midogo (kila msalaba ni mishono miwili iliyokatizana), yakiwa mazima katikati ya kitambaa na nusu nusu pembezoni, kama mwezi unaochungulia nyuma ya paa. Herufi ni za mraba, zimenyooka kama za chapa. Kati ya medali na medali kuna kijitawi, njiwa wawili, shada la majani, na kila penye nafasi kuna herufi mbili mbili ambazo ni vifupisho vya majina ya wasichana wenzake, ya ndugu zake, ya walimu wake. Ni kama ukurasa wa mwisho wa daftari la mwanafunzi anayemaliza shule, ambao kila rafiki hutia saini yake.

Sasa niingie kwenye bidhaa yenyewe, nikianza na kitani, ambacho ndicho kitu bora kuliko vyote vilivyomo. Kina nyuzi 32 kwa inchi, na kila msalaba hushonwa juu ya nyuzi mbili kwenda na mbili kupanda, kwa hiyo unapata misalaba 16 katika inchi moja. Mchoro mzima una misalaba 200 kwa upana na 240 kwa urefu, na ukimaliza unakuwa na mstatili wa kama sentimita 32 kwa 38. Si kitambaa cha kiwandani kilicholainishwa hadi kikafanana na karatasi. Uzi mmoja ni mnene, wa pili mwembamba, wa tatu una kinundu, na ukikiinua mbele ya taa unaona kila uzi ulivyopita juu na chini ya mwenzake. Nimezoea kuona vifurushi vya bei nafuu vinavyokuja na kitambaa cha vitundu vilivyokwisha kupangwa, ambacho mtu hahitaji kuhesabu kwa makini, na naelewa kwa nini kinapendwa na wanaoanza. Hiki hakikuachii raha hiyo, na nadhani wauzaji wamefanya vizuri.

Sindano butu ina sababu yake. Katika kazi ya kuhesabu nyuzi, ncha kali huchoma uzi wa kitambaa badala ya kupita pembeni mwake, na msalaba mmoja uliochoma uzi unatosha kupindisha safu nzima. Mimi nimekulia Unguja, katika nyumba ambayo mama na bibi walishona kofia za mkono, na vidole vyangu vilijifunza sindano ya ncha kali, inayotoboa tabaka mbili za nguo ili kitundu kizungushiwe uzi mweupe. Wiki ya kwanza nilikuwa nikisukuma sindano kwa nguvu kana kwamba nashona kofia, nikitoboa pasipotakiwa kutobolewa. Ilibidi nijifunze upya, na somo lenyewe ni kuitelezesha sindano tu na kuiacha itafute tundu lake.

Uzi ni wa pamba, na hapo pana punguzo la ukweli ambalo bahasha haisemi. Sampla za asili za mtindo huu zilidariziwa kwa hariri juu ya kitani au juu ya kitambaa chembamba cha sufu. Hariri ina mng'ao unaobadilika kadiri unavyosogeza kichwa. Pamba hukaa pale pale ilipo. Duka linauza kifurushi hicho hicho chenye uzi wa hariri kwa zaidi ya mara mbili ya bei, na siwalaumu kwa bei hiyo, lakini picha iliyo juu ya bahasha ya pamba ni picha ya kazi ya hariri, na hilo si sawa. Mnunuzi anayelinganisha alichofanya na picha atajiona yeye ndiye mbaya wa kudarizi.

Kazi ya kuhesabu haina mchoro wowote juu ya kitambaa. Unaanza katikati, unahesabu kutoka kwenye chati, na kila msalaba unategemea uliotangulia. Medali yangu ya kwanza ilinichukua jioni nane. Nilizunguka pembe zote, nikawa narudi kufunga umbo, na mguu wa mwisho uliponyoosha mkono kuushika mguu wa kwanza, ukakosa. Nafasi kati yao ilikuwa uzi mmoja wa kitani, yaani upana ambao usipovaa miwani huuoni. Nilidhani ningeweza kudanganya kwa kuubana msalaba wa mwisho, nikaubana, na umbo zima likaonekana kama mtu aliyevaa kanzu iliyofungwa kifungo pasipo pake. Nikafumua. Kosa lilikuwa kwenye pembe ya tatu, mahali niliposhona juu ya nyuzi tatu badala ya mbili, na kila kilichofuata baada yake kilikuwa kimehama. Misalaba kama mia nne ilirudi kuwa uzi uliokunjamana. Nawaza mtoto wa miaka kumi amefika hapo, mwalimu amesimama nyuma ya kiti chake, na hana hiari ya kuweka kazi pembeni akachemshe chai.

Mara ya pili nilipokosa, kosa halikuwa langu. Medali kubwa ya katikati imekatwa na ukingo wa karatasi, nusu yake iko ukurasa wa pili na nusu ukurasa wa tatu, na safu moja ya miraba imechapishwa kwenye kurasa zote mbili bila alama yoyote ya kusema kwamba inajirudia. Aliyefuata chati kwa uaminifu atashona safu hiyo mara mbili, na medali itakuwa na kiuno kipana. Nilifumua tena, nikashona tena, nikapata kiuno kile kile, ndipo nikaweka kurasa mbili pamoja juu ya dirisha na kuona kilichotokea. Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu siku iliyofuata, kwa adabu, kwamba kosa hilo wanalijua na ukurasa uliosahihishwa uko kwenye tovuti yao. Sasa kama wanalijua, kwa nini wanaendelea kutia karatasi yenye kosa ndani ya bahasha? Kipande cha karatasi chenye sentensi moja kingeniokolea wiki nzima.

Malalamiko ya pili ni uzi. Kijani kilichokoza, kijani cha majani ya mwembe, kilinimalizikia nikiwa kwenye nusu medali ya mwisho ya chini kushoto, zikiwa zimebaki kama misalaba mia na hamsini. Hapa sijioni kuwa mbadhirifu, kwa sababu nilikata nyuzi kwa urefu ule ule ulioelekezwa na kijitabu. Duka lilinitumia kitita kingine bure, kikafika baada ya siku nne, na kwa hilo nawapa haki yao. Lakini kitita kipya kilitoka kwenye chungu kingine cha rangi, na kijani chake ni cha mwembe uliopata mvua. Nimejifariji kwa kukumbuka kwamba hata kwenye sampla za kale unaona mahali rangi inapobadilika katikati ya neno, mtoto alipomaliza uzi mmoja akapewa mwingine.

Kisha kuna herufi. Alfabeti iliyo kwenye chati haina J wala U. Si kosa la kuchapa. Sampla nyingi za zamani ziko hivyo, kwa sababu zinafuata desturi ya Kilatini ambayo kwayo I na J zilikuwa herufi moja, na V na U vivyo hivyo, na waalimu wa ushonaji waliendelea kunakili ruwaza hiyo hata baada ya vitabu kuanza kuzitenganisha. Kwa msichana aitwaye Mary au Hannah jambo hilo halina taabu. Mimi naitwa Mwanajuma. Kwa alfabeti niliyopewa, jina langu linasomeka MWANAIVMA, ambalo nadhani lingefaa kuwa jina la dawa ya kikohozi. Kijitabu hakina neno hata moja la kumsaidia mnunuzi mwenye shida hiyo, ingawa mtu yeyote aitwaye Juma, Jamila, Zuhura au hata Judith ataipata. Suluhisho nililolipata ni hili: J nimeitengeneza kwa kuongeza misalaba mitatu chini ya I, upande wa kushoto, kama ndoana, na U nimeipata kwa kukata kichwa cha O. Zimekaa vizuri kiasi kwamba asiyejua hatazitambua.

Katika kuzitengeneza herufi hizo ndipo nilipoelewa kwa nini alfabeti ilikuwa ndiyo moyo wa kazi yote. Katika nyumba kubwa za wakati ule, kila shuka, kila foronya, kila taulo na kila shati lilitiwa alama kwa msalaba mdogo mdogo, kwa kawaida kwa uzi mwekundu au wa buluu: vifupisho vya jina la mwenye nyumba na tarakimu. Alama ilirudisha nguo kwa mwenyewe baada ya kufuliwa, na tarakimu ilimwezesha msimamizi kuzizungusha shuka zisichakae nyingine kabla ya nyingine. Msichana maskini aliyetarajiwa kwenda kufanya kazi ya nyumba alihitaji ujuzi huu kama dereva anavyohitaji leseni. Kulikuwa hata na msalaba maalumu wa kutilia alama, ambao hutoka sawasawa mbele na nyuma ya nguo, na kijitabu kinautaja mara moja tu bila kueleza jinsi ya kuushona. Nilijaribu kuutafuta kwa vidole vyangu kwenye pembe ya kitambaa. Ni mgumu, kwa sababu sindano inapaswa kurudi kwenye njia iliyokwisha kupita bila kuacha mstari wa ziada, na baada ya misalaba sita nilikuwa sijui nimetoka wapi.

Na hicho kijitabu ndicho kitu dhaifu kuliko vyote kwenye kifurushi hiki. Kina kurasa nane, picha nne za maua, na simulizi la wasichana waliokaa karibu na moto, wenye furaha na subira, wakidarizi kwa starehe huku theluji ikianguka nje. Sikatai kwamba wapo waliofurahi. Lakini Ackworth na shule nyingine za Marafiki zilifundisha pia sampla za kutia viraka vya uzi, ambazo mtoto alikatiwa matundu kwenye kitambaa kizima akatakiwa kuyajaza kwa kusuka uzi juu na chini hadi nguo irudi kuwa nguo, na hiyo si starehe, ni mafunzo ya kazi. Kule Pennsylvania, katika shule ya Westtown iliyofunguliwa na Marafiki mwaka 1799, wasichana walifika hata kushona tufe za dunia kwa hariri, zilizojazwa ndani zikawa mviringo, wakadarizi mistari ya latitudo na longitudo na mipaka ya mabara. Hesabu, jiografia na sindano vilikuwa somo moja. Kijitabu kimeyaacha yote haya ili kipate nafasi ya moto na theluji.

Kimeacha pia lile ambalo mimi ningeliweka ukurasa wa kwanza. Katika jumba lile lile la Victoria and Albert kuna kitambaa cha Elizabeth Parker, aliyezaliwa mwaka 1813 Ashburnham, katika jimbo la Sussex, baba yake akiwa kibarua na mama yake akifundisha katika shule ya hisani. Alikidarizi mnamo mwaka 1830, kwa uzi mwekundu mtupu juu ya kitani, bila ua, bila ndege, bila pambo la ukingoni, maneno tu kutoka juu hadi chini, kwa msalaba ule ule wa kutilia alama mashuka. Anaanza kwa kusema kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, anayaweka haya hapa waziwazi kama ambavyo angezungumza na mtu anayemwamini kabisa. Kisha anaeleza maisha yake ya utumishi wa ndani, ukatili aliotendewa na mwajiri aliyemtupa chini ngazini, na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Maneno yanakatika ghafla, sehemu kubwa ya kitani ikiwa bado tupu, anapouliza roho yake itakuwaje. Hakuna aliyemwekea ruwaza hiyo. Alikuwa na alfabeti ya shule na sindano, akaitumia kama kalamu, wakati ambapo wasichana wengi maskini walifundishwa kusoma na kushona bila kufundishwa kuandika kwa wino. Aliishi hadi mwaka 1889, akawa mwalimu wa shule hapo hapo Ashburnham.

Sisi tuliokulia katika nchi ya kanga hatushangai kuona nguo ikisema ambalo mdomo hauwezi. Lakini kanga ina jina moja, fupi, lililotungwa ili wengi walivae. Hiki ni kitambaa cha mtu mmoja kisichokusudiwa kuvaliwa na yeyote.

Wala kazi hii haikubaki Ulaya na Marekani. Katika shule za misheni za Sierra Leone, kati ya miaka ya 1820 na ya 1840, wasichana walidarizi sampla zenye alfabeti, aya na majina yao, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliotolewa kwenye meli za watumwa zilizokamatwa baharini. Vitambaa vyao vilipelekwa Uingereza kwa watu waliochangia misheni, viwe ushahidi kwamba fedha zao zinafanya kazi, na baadhi ya majina yaliyodariziwa ni ya Kiingereza kwa sababu ndiyo waliyopewa huko. Baadaye, katika miaka ya 1870, huko kwetu Mbweni, shule ya misheni ya Kianglikana iliwachukua wasichana waliotolewa utumwani, na wale ambao hawakuelekezwa kwenye ualimu walifundishwa upishi, ufuaji na ushonaji. Nimecheza sana kwenye magofu ya jengo lile nikiwa mtoto bila kuwaza ni vidole vya nani vilivyokuwa vikihesabu nyuzi ndani yake.

Nimesema mengi juu ya kijitabu kwa sababu bei ya kifurushi inakihesabu, na kwa sababu mnunuzi wa kawaida hatakuwa na chanzo kingine. Anayetaka kujua kitu cha kweli kabla ya kutoa fedha aende akatazame vya asili. Tovuti ya Victoria and Albert inaonyesha picha nyingi bila malipo, na jumba la Fitzwilliam mjini Cambridge lina mkusanyo mzuri sana. Kwa walio karibu na Leeds, huko Haworth, katika nyumba ya akina Brontë, dada watatu waliokuja kuwa waandishi wa riwaya, zipo sampla ambazo Charlotte, Emily na Anne walizidarizi wakiwa wasichana, kati ya 1828 na 1830: aya za Biblia kwa uzi usio na mbwembwe, rangi iliyofifia, hakuna hata ua la kumfurahisha mgeni. Kwa upande wa pili wa mambo, kampuni ya chokoleti ya Whitman's ya Philadelphia ilitoa mwaka 1912 boksi lililopambwa kwa mfano wa sampla, na boksi hilo bado linauzwa. Wengi wanaonunua vifurushi vya kudarizi leo, nadhani, wanatafuta boksi.

Je, ninunue kingine? Ndiyo, kutoka duka hilo hilo, kwa sababu kitani chao sijakiona kwingine na kwa sababu wanajibu barua. Lakini ningewashauri wanunuzi wafanye mambo machache. Kwanza, wapakue ukurasa uliosahihishwa kabla ya kuingiza sindano. Waombe kitita cha ziada cha kijani mapema, ili vyote vitoke kwenye chungu kimoja. Wanunue taa nyeupe ya mezani na, kama wamevuka miaka arobaini kama mimi, miwani ya kukuza. Mzunguko wa mbao wa kubania kitambaa ambao duka linauza pembeni kwa pauni nane wasiununue. Uliacha alama ya duara juu ya kitani changu ambayo pasi haikuiondoa hadi nilipokiosha. Anayeanza kudarizi kwa mara ya kwanza asianze na hiki. Kijitabu kinasema mchoro una misalaba zaidi ya elfu kumi na saba, na mimi kwa mwendo wangu hufanya kama 120 kwa saa nikiwa sijachoka, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Kwenye nafasi zilizo kati ya medali, badala ya vifupisho vya wasichana wa Ackworth vilivyo kwenye chati, nimetia vya kwetu: bibi, mama, shangazi wawili, dada yangu, na rafiki niliyekaa naye dawati moja Mbweni. Usiku nilipomaliza nilimpigia mama simu ya picha, nikaisogeza sampla mbele ya kamera, nikampitishia medali moja baada ya nyingine. Alitazama kwa adabu, akasema imependeza, na akaulizia herufi zake ziko wapi, nikamwonyesha. Kisha akasema, "Haya, nigeuzie nyuma." Kofia ya mkono kwetu hununuliwa baada ya kutazamwa ndani, na nilijua hilo lingekuja. Nikaigeuza. Akanyamaza kwa muda mrefu kidogo, akaniambia nisogeze taa, nisogeze tena, chini, kushoto.

"Hapo kwenye kijani," akasema, "uliishiwa uzi."